Mkia wa taa si wangu, na picha mmeigeuza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na naomba radhi mapema kwamba hii haitakuwa fupi. Mimi ndiye yule mwalimu mstaafu wa Ngamiani ambaye gazeti lako lilimtaja mwezi uliopita katika habari ya mashindano ya gwaride ya shule hapa Tanga. Mliandika kuwa mimi ni "mwasisi wa mkia wa taa", ile mbwembwe ya kurusha bunduki nyuma ya mgongo. Ahsanteni kwa sifa, lakini naomba mzichukue, maana zina mwenyewe.

Wiki iliyofuata mkachapa barua ya msomaji mmoja wa Korogwe. Yeye akasema mkia wa taa ni mbwembwe ya Wamarekani, kaiona kwenye simu ya mwanawe, na kwamba hata picha yenu inaonyesha wazi msichana anadaka bunduki kwa mkono wa kulia, kama wanavyodaka wao. Akamalizia kuwa ni aibu mzee mzima kujitwalia kitu cha watu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Mkia wa taa si wangu. Hiyo nusu nyingine, ya Wamarekani, nitaifikia.

Ila aliyenikalisha kitako kuandika si msomaji wa Korogwe. Ni mama yangu mdogo. Anakaa barabara ya 12, ana miaka 84, macho yamemchoka lakini masikio yapo. Mjukuu wake alimsomea gazeti. Ijumaa nilipopita kumjulia hali baada ya swala, akaitikia shikamoo yangu kwa ubaridi, akanimiminia kahawa, akasubiri nimalize kikombe cha kwanza, ndipo akasema, "Kwa hiyo baba yangu hakuwa mtu?"

Sikuuliza anazungumzia nini. Miaka 50 nimekuwa nikingoja mtu aniulize neno hilo, na nilishaanza kuamini kwamba wote waliokuwa na haki ya kuliuliza wamekwisha kufa.

Kwa wasomaji wasioujua, mkia wa taa ni hivi. Kijana amesimama mguu sawa. Bunduki (ya mbao, tuelewane) iko mkono wa kulia, kaishika shingo ya kitako, mtutu unatazama chini. Hesabu ya kwanza, anaupeleka mkono nyuma ya kiuno. Ya pili, anaifyatua kwa kifundo cha mkono, siyo kwa bega, nayo inapanda nyuma ya mgongo, inajipindua nusu mzunguko na kuvuka juu ya bega la kushoto. Ya tatu, anaidaka mbele ya kifua kwa mkono wa kushoto, na papo hapo goti la kushoto linakunjwa kidogo, kama la mtu aliyekanyaga kaa la moto akaona haya kupiga kelele. Basi. Wakifanya vijana 12 kwa pamoja unasikia pigo moja tu la mbao kwenye viganja. Wakikosea unasikia mbao zikianguka moja moja, na uwanja mzima unaangua kicheko. Jina limetokana na samaki taa, ambaye ukimshika vibaya mkia wake unakujia kutoka upande usiotazama. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kimepinda tangu 1974 kwa ajili ya mkia huo.

Sasa niungame. Mwaka 1975 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka JKT si muda mrefu, bado natembea kama kuruta hata nikienda sokoni. Shule yetu ilipewa nafasi ya kuonyesha gwaride siku ya Saba Saba. Nikawafundisha watoto mkia wa taa, wakaufanya vizuri mbele ya watu, na mgeni rasmi akauliza, "Hii mbwembwe ya mwisho kaibuni nani?" Mwalimu mkuu akaninyooshea mimi kidole. Ningeweza kusema maneno manne tu: ni ya babu yangu. Nilitabasamu. Mgeni rasmi akanishika mkono, mpiga picha akapiga, na tangu siku ile nikawa mwasisi.

Kwa nini sikusema? Babu alikuwa amefariki miaka minne kabla, hakuwepo wa kunitazama. Lakini lipo jingine. Siku zile kusema kitu kimetoka kwenye beni kulikuwa kama kusema umekiokota jalalani. Beni ilionekana mambo ya wazee waliokuwa wakimwiga mkoloni, na mimi nilikuwa kijana wa Azimio la Arusha mwenye kaunda suti mbili. Nikaona heri mbwembwe iwe yangu kuliko kuwa ya Arinoti.

Vijana wa leo wakisikia beni wanadhani ni bendi ya harusi. Beni ilikuwa ngoma ya gwaride. Ilianzia pwani ya juu, Mombasa na Lamu, miaka ya 1890, ikateremka na pwani mpaka kwetu na Dar es Salaam. Watu walivaa sare, walipanga mistari, walipiga tarumbeta na ngoma kubwa, wakapeana vyeo: kingi, jenerali, kapteni, na kadhalika. Na haikuchezwa upande mmoja. Palikuwa na Marini na palikuwa na Arinoti, na pande hizo mbili zilishindana kwa nguo, kwa karamu, kwa mashairi ya kuumbuana, na kwa gwaride. Marini walijiona waungwana, jina lenyewe ni la askari wa majini. Arinoti walikuwa watu wa mkono kwa mdomo. Vita ya 1914 ilipokuja, askari na wapagazi waliibeba beni mpaka bara, na inayochezwa leo Malawi kwa jina la malipenga au mganda, na ile kalela ya migodi ya shaba ya Zambia, ni watoto wake. Wakoloni hawakujua wacheke au waogope. Wapo walioiona mchezo wa nyani, na wapo waliotuma wapelelezi kuchunguza kama nyuma ya tarumbeta hakuna chama cha siri.

Babu mzaa mama alikuwa Arinoti, na cheo chake kilikuwa Kapteni. Simtaji jina kwa sababu mama mdogo amekataa. Anasema andika Kapteni tu, wenyeji wa Ngamiani watajua, na wasiojua jina halitawasaidia. Alizaliwa kama 1906, kwa hiyo vita ya Tanga ilimkuta mtoto. Waingereza walishuka tarehe 2 Novemba 1914, na tarehe 5 walikuwa wanarudi melini, wameacha nyuma bunduki kwa mamia na risasi kama 600,000. Babu alikuwa akisema, "Waingereza walituachia bunduki, Wajerumani wakaziokota, sisi tukabakiwa na mbao." Habari ya nyuki walioingia vitani sitaigusa. Kila mzee wa mji huu ana babu aliyekuwa na mzinga ule.

Mimi nilimjua akiwa mtu mzima, beni imekwisha kabisa, sare imeliwa na mende, imebaki kofia moja ukutani yenye utepe mwekundu uliopauka. Mwaka 1959, nikiwa na miaka 10, alinifundisha mkia wa taa uani kwake, kwa mchi wa kinu. Hakunipa nirushe siku ya kwanza wala ya pili. Kwanza alinitaka niuweke mchi ukae sawa juu ya kidole kimoja, ulale bila kuinama upande wowote, na pale ulipokubali kukaa akapaka alama ya mkaa. Hapo ndipo kitovu chake, akasema. Kitu chochote ukikirusha, sehemu nyingine zote zitazunguka na kuyumba, kitovu kitakwenda njia yake kama jiwe, kwa hiyo macho na mkono vifuate kitovu, visifuate ncha. Mwalimu wa fizikia alikuja kunieleza jambo lile lile miaka minane baadaye kwa chaki na herufi za Kigiriki, nikapata alama nzuri bila kusoma.

Kitovu cha mchi hakiko katikati, kiko karibu na kichwa kinene kinachotwanga. Bunduki nayo ni hivyo, kitako kizito, mtutu mwembamba, na ndiyo maana mchi ni mwalimu mzuri kuliko fimbo. Nilipoanza kuchongesha bunduki za shule nilisahau jambo hili. Fundi alizichonga kwa masalia ya msaji wa Longuza, zikapendeza, zikapakwa rangi, na hakuna mtoto aliyeweza kuzidaka. Zilikuwa nyepesi kitakoni, zinapinduka haraka kuliko hesabu ya mtu. Ikabidi tutoboe kila kitako na kuchomeka kipande cha nondo cha urefu wa shubiri, tukaziba kwa gundi na unga wa mbao. Wazazi wengine walilalamika kwamba nawabebesha watoto vyuma. Bunduki nyepesi ndiyo inayovunja pua, nawaambia, maana mtoto anairusha kwa hasira.

Nilimuuliza babu aliupata wapi. Hapa ndipo habari inapoanza kuteleza, na sitaificha.

Mara ya kwanza aliniambia kauona kwa mlinzi mmoja wa godauni pale bandarini, mzee aliyewahi kuwa askari wa Mjerumani. Mzee yule alikuwa akiufanya kwa bakora akiwa amechangamka. Yeye alidai ni ujuzi wa vita: bunduki iko mgongoni, adui anatokea ghafla, unaileta mbele kwa mpigo mmoja. Babu alisimulia hayo huku anacheka mpaka anakohoa. "Askari gani anarusha silaha yake hewani adui yuko mbele?"

Mara ya pili, miaka kadhaa baadaye, mlinzi wa godauni alikuwa ametoweka kwenye hadithi. Safari hii babu alisema waliubuni wao Arinoti kwa sababu ya umaskini. Marini walikuwa na tarumbeta inayong'aa na sare zilizopigwa pasi. Wao walikuwa na ngoma moja iliyoshonwa upya na suruali za rangi tofauti. Wakikaa tu mstarini na kupiga hatua watazomewa, kwa hiyo ilibidi watafute kitu ambacho pesa haikinunui. Alikuwa na hakika kabisa. Nilipomkumbusha ya mlinzi akanijibu kwamba mimi ni mtoto na sikusikia vizuri.

Basi nikabaki na asili mbili kutoka kinywa kimoja, na mwaka 1975 nikaongeza ya tatu, ya uongo, iliyoandikwa gazetini.

Turudi kwa Wamarekani. Mjukuu wangu anasoma chuo, na alipokuja likizo tulikaa naye jioni tatu mfululizo na simu yake. Nataka msomaji wa Korogwe ajue kwamba sikumpinga kwa mdomo mtupu. Ni kweli Wamarekani wana gwaride la madoido, na ni kweli wamelifikisha mbali. Askari wao wa majini wana kikosi cha watu 24 pale Washington kinachocheza bila amri ya sauti, na kilianza kuonekana mwaka 1948. Bunduki zao si za mbao. Ni zile M1 za vita ya pili ya dunia, zina singe zilizochomekwa, na ukijumlisha uzito unakaribia kilo 5. Sehemu inayosisimua ni ukaguzi: mkaguzi anasimama mbele ya askari mmoja, bunduki inazungushwa na kurushwa kati yao na singe lake, na hakuna anayepepesa. Nilimwambia mjukuu aturudishie mara tisa. Mtu aliyewahi kudaka ubao wa kilo mbili na nusu kwa kidole kilichopinda anajua kilo 5 zenye ncha ni kitu gani.

Lakini nao waliyatoa wapi? Huko Chicago alikuwepo kijana anaitwa Elmer Ellsworth, karani wa sheria asiye na pesa, aliyekutana na mwalimu wa kucheza panga anaitwa Charles DeVilliers. DeVilliers alikuwa ametumika katika jeshi la Ufaransa kwenye vikosi vya Zouave. Ellsworth akapenda mambo yale, mwendo wa mbio, kupiga magoti, kulala chini na kushindilia risasi, mchezo wa singe. Akafundisha vijana wake, na mwaka 1860 wakazunguka miji ya Marekani wakionyesha, kila mji wanaopita vijana wanaanzisha kikosi cha kuwaiga. Mwaka uliofuata vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza, na tarehe 24 Mei 1861 Ellsworth akapigwa risasi na kufa akishuka ngazi na bendera ya waasi aliyoiteremsha juu ya hoteli moja huko Alexandria, Virginia. Alikuwa na miaka 24.

Na hao Zouave ni nani? Jina limetokana na Zwawa, kabila la Waberberi wa milima ya Algeria, ambao Wafaransa waliwaingiza jeshini mara baada ya kuivamia nchi yao mwaka 1830. Kwa hiyo vile vizibao vifupi na suruali pana ambazo Chicago ilizishangilia zilishuka kutoka Afrika. Sisemi kwamba Waberberi walirusha bunduki nyuma ya mgongo. Sijaona ushahidi huo, na nimekwisha kuonja uchungu wa kusema nisichokijua. Nasema tu kwamba ukiuvuta uzi wa Marekani, hauishii Marekani.

Wanayo pia heshima moja ya madoido, bunduki inazungushwa kisha mtu anapiga goti, na wameipa jina la Malkia Anne wa Uingereza, aliyetawala 1702 hadi 1714. Ukiisikia unadhani ilibuniwa mbele ya kiti chake cha enzi. Jina si hati ya kuzaliwa. Mkia wa taa nao haukubuniwa na samaki.

Kushika bunduki kwa hesabu kwenyewe kulianza na hofu. Waholanzi walikuwa na mchoraji anaitwa Jacob de Gheyn, na michoro yake iliyotoka 1607 inamwonyesha askari hatua kwa hatua, mkono uko wapi, utambi uko wapi, baruti iko wapi. Bunduki za siku zile ziliwashwa kwa utambi wenye moto, na mtu amesimama na moto huku na baruti huku, jirani yake vilevile. Anayekurupuka anawalipua wenzake. Ndiyo maana kila tendo likapewa namba. Watoto wangu wakiuliza kwa nini lazima tuhesabu, huwa nawaeleza habari ya utambi, wananielewa haraka kuliko nikisema nidhamu.

Sisi nasi tuna letu. Nani asiyelijua gwaride la kimya kimya la JWTZ siku za Uhuru na Muungano? Mpaka wauza karanga husimama. Kutoka kwao nilijifunza kwamba kimya si kutosema tu, ni kila mtu kuhesabu tumboni kwa kasi ile ile, na nilipolirudisha hilo kwa watoto, mkia wa taa ukaachana na ngoma kwa mara ya kwanza. Huo ndio mchango wangu mimi, kama mnataka kuniandika jambo. Niliutoa mdundo. Nilikuta una ngoma nikauacha hauna.

Lakini sikuutoa wote, na hapa ndipo jibu la msomaji wa Korogwe lilipo. Katika hiyo video ya simuni (naamini tumeona ile ile), kijana wa Kimarekani anairusha bunduki nyuma ya mgongo, inazunguka mzunguko mzima, anaidaka kwa mkono ule ule wa kulia, na magoti yamenyooka kama misumari. Mkia wa taa ni nusu mzunguko, unadakwa kwa kushoto, na goti linakunjwa hesabu ya tatu. Gwaride lolote la jeshi lingemkata mtu alama kwa goti lile. Halina kazi. Nilijaribu kulifuta mwaka 1975 na 1976, watoto wakawa wanadondosha bunduki, nikalirudisha. Ni goti la ngoma. Pale ndipo ngoma kubwa ya Arinoti ilipokuwa inalia, na ngoma imeondoka lakini goti linaisikia bado. Ukiona goti hilo, hujaona Marekani.

"Lakini picha inaonyesha mkono wa kulia!" Inaonyesha, naam. Mhariri, chukua gazeti lile utazame nyuma ya msichana. Kuna ngoma ya shule imeandikwa jina, na jina linasomeka kinyumenyume. Beji ya shule, ambayo wote huvaa kifuani kushoto, iko kulia. Picha imegeuzwa. Sijui imegeukaje, pengine fundi wenu aliona inakaa vizuri kwenye ukurasa msichana akitazama ndani. Kwa habari ya samaki au ya mkutano haidhuru. Kwa habari ya gwaride ni kama kuchapa ramani Pemba iko kusini mwa Unguja.

Nilimweleza mama mdogo yote haya Ijumaa ile, Chicago na Algeria na goti, nikidhani nampa baba yake heshima. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Na yule binti kaongeza nini?"

Nilishangaa amejuaje. Ni kweli, msichana aliyepigwa picha kaongeza lake. Bunduki ikiwa hewani, kabla ya kudaka, anapiga kofi moja. Majaji walikata alama, kwa sababu ni gwaride la kimya, na timu yao ikawa ya pili. Mimi ningekuwa jaji ningekata pia, kanuni ni kanuni. Lakini kupata nafasi ya kofi katikati ya hesabu ya pili na ya tatu si mchezo, mimi mwenyewe sijawahi kuiona nafasi hiyo. Nilimuuliza binti aliipata wapi. Akasema, "Mwalimu, mikono ilikuwa inatoka jasho, nikaona niipanguse."

Mama mdogo alipolisikia hilo la kofi akacheka, mara ya kwanza siku ile. Akasema mama yake, yaani bibi yangu, mkewe Kapteni, alikuwa akitwanga na dada zake watatu kinu kimoja kwa kupokezana, na kila mmoja akiuachia mchi wake juu anapiga kofi kabla ya kuudaka. Hilo wengi wetu tumeliona, wanawake wanatwanga hivyo kwa kunogesha kazi. Lakini bibi alikuwa na zaidi: akitaka kuwachekesha dada zake aliupitisha mchi nyuma ya mgongo. Alikuwa akifanya hivyo kabla ya kuolewa. Kapteni alimposa akiwa ameshika mchi, na mama mdogo anasema alikuwa hajawa Kapteni wa kitu chochote, alikuwa mpiga ngoma wa nyuma.

Kwa hiyo mchi ule wa mwaka 1959, ambao mimi miaka yote nilidhani uliwekwa badala ya bunduki, kwa mama mdogo ndio uliokuwa kitu chenyewe, na bunduki ndiyo badala. Nilimuuliza kwa nini babu hakuwahi kulisema hilo katika asili zake mbili. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyeuliza kwa nini bahari ina chumvi. "Arinoti wangesema wamefundishwa na mwanamke jikoni? Na wewe ulisema umefundishwa na babu yako?"

Sikuwa na la kujibu. Nikaomba kikombe cha pili.

Je, hadithi ya mama mdogo ndiyo sahihi? Ana miaka 84, na bibi alikuwa mama yake, kwa hiyo anayo sababu ya kuegemea. Babu naye alikuwa nayo, mlinzi wa godauni alikuwa nayo, na mimi nilikuwa nayo kubwa kuliko wote. Ninachoweza kukithibitisha ni goti, mkono wa kushoto na mchi. Zaidi ya hapo nisilazimishwe.

Ninayoomba kwako, Mhariri, ni machache. Uandike kwamba mwalimu mstaafu wa Ngamiani si mwasisi wa mkia wa taa, aliupokea kwa Kapteni wa barabara ya 12, na huyo kwa kauli ya mwanawe aliupokea kwa mkewe. Uniombee radhi kwa wale vijana wangu wa 1975, ambao baadhi yao ni babu sasa na wamekuwa wakiwasimulia wajukuu hadithi niliyowapa. Msomaji wa Korogwe akipenda, Jumamosi alasiri tunafanya mazoezi uani kwangu, barabara ya 14 na siyo ya 4 kama mlivyoandika, aje na simu yake tufananishe hesabu kwa hesabu. Mchi upo.

Na picha ile ichapwe tena, safari hii upande wake, jina la ngoma lisomeke na mkono wa kushoto uwe wa kushoto. Mama mdogo anataka mjukuu wake amsimulie goti limekunjwa kiasi gani. Kama inawezekana itoke Ijumaa, maana ndiyo siku ninayopita kwake.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga